Jiwe la Firigisi

Mfano huu aliutoa kwanza Mwalimu Yeremia Ludenyo, ndugu mdogo wa babu yangu, Jumapili ya pili ya Agosti 1974, katika kanisa letu dogo huku milimani Maragoli. Aliwatoa watoto nje kwanza. Kisha akazungumza robo saa, bila karatasi, na hakutaja jina la mtu hata mmoja. Mimi nayataja, kwa kuwa wahusika nawajua, na kwa kuwa kisa kinachoachwa bila majina hubadilika umbo kila kinaposimuliwa. Mambo yenyewe yalitokea mwaka 1961.

Mtu mmoja alikuwa na mke, binti na kuku. Mtu huyo ni babu yangu Adagala, mkewe ni Kageha, na binti ni Minayo. Mwezi wa Aprili mzee Chanzu alikuja kumposa Minayo kwa ajili ya mwanawe. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake peke yake. Mwanamke akipakua kuku na firigisi isionekane bakulini, hana la kujieleza.

Chanzu alifika mapema kuliko walivyopatana. Adagala akamhimiza mkewe, akamhimiza tena. Kageha aliipasua firigisi na kumwaga vijiwe vilivyokuwamo, lakini ile ngozi ya njano ya ndani aliibandua nusu tu, kwa haraka. Mzee Chanzu alipotafuna, wote waliokuwa mezani walisikia jino likigonga jiwe. Akalitoa, akalitazama, akaendelea na ugali. Mazungumzo hayakuvunjika. Walikubaliana arudi Desemba pamoja na wazee wake, ndipo ndoa iamuliwe.

Majirani walizipata habari kabla ya Jumapili. Mmoja alimwuliza Adagala kama siku hizi anauza kokoto. Mwingine akataka kujua kama mkwe aliondoka na meno yake yote. Adagala alicheka nao, lakini maneno hayo yalimkaa. Aliogopa kwamba Desemba Chanzu atakuja kukataa tu. Akaamua kwamba aibu ile haitamrudia. Hakufikiria kuosha firigisi vizuri zaidi, maana kuosha ni kazi ambayo mtu anaweza kuisahau. Alifikiria kuhakikisha kwamba hakuna jiwe litakaloingia ndani ya kuku.

Aliwagawia ndugu kuku wake wote wa zamani. Akajenga banda juu ya nguzo, sakafu ya mbao, futi tatu kutoka ardhini, akaweka humo vifaranga ishirini waliokwisha kuachana na mama zao. Aliwapa mahindi na mtama bila kuwabania. Kila punje ilipita kwenye ungo, kisha kwenye vidole vyake. Kupepeta ni kazi ya wanawake kwetu, naye aliifanya mwenyewe uani, wapita njia wakimwona. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwamba hakuwapenda kuku wale. Kageha alimwambia mara mbili kwamba kuku asiyechakura si kuku. Alijibiwa kwamba katika habari ya mawe yeye ndiye wa mwisho anayestahili kusema.

Mwanzoni walipendeza. Walikuwa safi, magole ya shingoni yamejaa, na Adagala akawaonyesha watu. Mwezi wa Julai jogoo mmoja alipenya kwenye ubao uliooza, akakataa kushikwa, akawa anaishi kando ya barabara ya changarawe pamoja na kuku wa jirani. Adagala alimhesabu kuwa amepotea. Septemba wale wa bandani wakaanza kujikunja pembeni, manyoya yamesimama. Yeye aliona wamepungukiwa, akawaongezea mahindi. Wakafa wawili, halafu watano. Akaongeza tena. Mwisho wa Oktoba walikuwa wamebaki wanne.

Ndipo Kageha alipomchukua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, akamlaza juu ya jani la mgomba mbele ya mumewe, akampasua. Gole, kile kifuko cha shingoni, lilikuwa limejaa mahindi mazima yaliyovimba na kunuka chachu. Firigisi ilikuwa laini na nyembamba, ndani yake punje chache ambazo ungeweza kuzipanda zikaota. Utumbo ulikuwa mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Kageha akaweka kisu chini.

"Baba Minayo," alisema, "hawa wamekufa kwa njaa, na chakula kimo shingoni."

Hapo Mwalimu Ludenyo aliacha kisa kidogo, akaeleza jambo ambalo wengi walilijua kwa macho tu. Mbwa ana meno ya kurarua, na tumbo lake kali humaliza kazi. Ng'ombe humeza upesi, akalala, akakirudisha chakula kinywani na kukitafuna upya. Kuku hakupewa meno. Chakula chake hulowa kwanza goleni, hupita penye maji makali, kisha huingia katika firigisi, ambayo ni kinu cha nyama. Nyama hiyo hubana tu na kuachia. Kinachosaga ni mawe. Kuku hazaliwi nayo. Huyaokota mwenyewe njiani, moja moja, na yakichakaa huokota mengine. Baada ya kinu ndipo utumbo hutoa lishe na kuikabidhi damu, lakini utumbo hauwezi kutoa kitu katika punje iliyofika nzima. Yule mtu, alisema, alidhani amewaondolea kuku wake taabu. Aliwaondolea mlo. Kosa lilikuwa la kuosha, likaadhibiwa jiwe.

Desemba Chanzu alikuja na wazee watatu. Kuku wa bandani, ambao Adagala alikuwa bado hajakubali kuwashusha chini, walikuwa wembamba kiasi kwamba kuwachinja kungekuwa tusi. Ilibidi yule jogoo wa barabarani ashikwe, na Adagala mwenyewe ndiye aliyemkimbiza, mbele ya wageni, akiwa amevaa koti. Firigisi yake ilikuwa nene, imejaa kokoto. Safari hii Kageha hakuhimizwa na mtu. Aliibandua ngozi ya njano yote, ikatoka nzima, akaosha kwa maji mara tatu. Minayo akapeleka bakuli.

Mzee Chanzu alitafuna polepole, na kila mtu mezani alikuwa akiyasikiliza meno yake. Akameza. Akanywa maji. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaikunjua, na ndani yake mlikuwa na jiwe dogo jeupe. Akaliweka mezani mbele ya Adagala.

"Hili ni la kwenu, mkwe," alisema. "Mrudishieni kuku. Nilijua atalihitaji."

Wazee walicheka. Adagala alikuwa wa mwisho kucheka. Ndoa ilikubaliwa mchana huohuo, na keshoye alishusha sakafu ya banda hadi chini.

Mwalimu Ludenyo alisema nafaka ni mafundisho tunayowapa wana wetu, na gole ni sikio, ambalo hujaa upesi na kumfanya mtu aonekane ameshiba. Jiwe ni neno gumu, kazi ngumu, na aibu ambayo mtu ameibeba mwenyewe mpaka ikamwisha. Kisha akawauliza: "Ninyi mnaomchekechea mwana wenu kila punje, mnatarajia asage kwa kitu gani?" Akaketi.

Adagala alikuwapo kanisani, benchi la tatu. Baada ya ibada alimfuata ndugu yake nje, akamsahihisha: vifaranga walikuwa ishirini, si thelathini kama alivyosema. Juu ya mengine hakusahihisha kitu.

Mzee Chanzu alifariki mwaka 1966, Kageha 1983, Adagala 1989, Mwalimu Ludenyo 1997. Baba yangu, mwana wa Chanzu, alifuata mwaka 2008. Aliye hai ni Minayo, mama yangu. Jiwe analo yeye.