Bibi Nyamizi na Maini Yaliyotupwa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni polepole, wenzangu, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka.

Hapo kale palikuwa na kijiji. Mvua haba, mbuzi wamekonda, na simba akija mchana kweupe. Leo mbuzi mmoja, kesho mmoja. Siku moja akamuua mchungaji, Shija, mwana wa pekee wa Bibi Nyamizi. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiosha matumbo ya kila mnyama aliyechinjwa pale kijijini.

Wanaume wakamfuata simba. Wakatembea siku tatu, kwata, kwata, kwata. Wakamuua, wakamburuta hadi uwanjani.

Mtemi akasema, "Bibi, adui yako huyu. Mtemee mate."

Bibi hakutema. Alimtazama. Meno mazima, makucha mazima, lakini mbavu zinahesabika. Akaomba kisu, akapasua tumbo. Minyoo, minyoo, minyoo tele.

Akaketi chini. "Huyu alikuwa kijana," akasema. "Hakuwa na nguvu ya kumkimbiza hata ngiri. Ndiyo maana akamjia mwanangu."

"Minyoo kaitoa wapi?"

"Kwetu, Mtemi. Maini yenye malengelenge ya maji hatuyali, tunayatupa kichakani. Simba anayala, minyoo inakua tumboni mwake. Anakunya majanini, mbuzi wanakula majani, maini yanaharibika tena. Tuyafukie. Shimo liwe refu."

"Ardhi ngumu, Bibi. Watu wamechoka."

"Hata mimi nimechoka."

Basi akachimba mwenyewe. Kila palipochinjwa alikwenda, akayachukua maini mabovu, akachimba. Chwa, chwa, chwa. Masika akachimba. Kiangazi akachimba. Kuna siku alilia humo shimoni, akajifuta, akaendelea. Watu walimpita, wakamwamkia, wakaenda zao.

Mwaka wa nne, akiosha matumbo ya mbuzi, akakuta ini safi. Mbuzi wa pili, safi. Wa tatu, safi. Simba wengine walipita ng'ambo ya mto wakifukuza ngiri, wala hawakugeukia zizi. Bibi hakushangilia. Shija hakurudi.

Asubuhi moja Mtemi alimkuta ameegemea jembe, pumzi zimemwishia.

"Pumzika, mama."

"Nikipumzika, nani atachimba?"

Mtemi akavua shuka lake, akalipokea jembe, akaingia shimoni. Bibi Nyamizi akajinyoosha palepale juu ya kifusi, akalala usingizi mzito.

Ndugu zangu, anayechoka kufukia uchafu wake, atachoka zaidi kuzika watu wake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia na ashike.