Bega la Kulia la Bibi Ndimbo

Hapo zamani, enyi mnaojidai mmemaliza katekisimu, huko milima ya Umatengo aliishi bikizee aitwaye Bibi Ndimbo. Miaka themanini, meno manne, maringo tele! Alitaka jambo moja kabla hajafa: abatizwe, na siku hiyo asiaibike mbele za watu.

Katekista wa kigango, Damasi Kinunda, alimfundisha miaka miwili. Kusoma hajui, basi akamfundishia jikoni kwake.

"Bibi, moshi ukitoka paani unajua ndani kuna moto, ingawa huuoni. Ndiyo sakramenti: ishara unaiona, neema imo ndani."

Bibi alifurahi mno. "Damasi mwanangu, siku yangu ikifika, wewe ndiye utanishika bega." Maana msimamizi wa ubatizo humshika anayebatizwa bega la kulia, na tangu hapo ni mzazi wake katika imani.

Lakini kila Jumapili ilimpasa aonekane ibadani, na kanisa liko ng'ambo ya mto. Jirani yake, Otilia Komba, akambeba mgongoni, masika na kiangazi. Siku moja Otilia aliteleza, akaumia goti, ila Bibi hakulowa hata ncha ya kanga.

"Otilia mwanangu, wewe ndiye utanishika bega."

Haya. Ikabaki Baba Yetu. Kila akifika "utusamehe makosa yetu," sauti inakauka. Miaka ishirini nyuma alimsingizia uchawi mke mwenzake, Genoveva, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Damasi akaeleza mpaka akachoka. Wapi! Ndipo asubuhi moja hodi ikabishwa, na aliyebisha ni Genoveva, yule yule aliyekosewa, habari za sala hiyo zimemfikia, mkononi kikapu cha maharage.

"Mwenzangu, nimekusamehe. Sali."

Bibi Ndimbo akalia kama mtoto, kisha akaisali sala yote bila kukwama. "Genoveva, wewe ndiye utanishika bega."

Mmesikia? Mara tatu! Moyo ukijaa, mdomo hauna breki.

Jumapili ya Pasaka asubuhi, kanisa limefurika. Bibi akasimama wima, mkongojo kauacha nyumbani makusudi. Padre akauliza sakramenti ni nini, akajibu. Akauliza toba, akajibu, kidevu juu, na akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alijiona malkia, na nani angemlaumu?

"Msimamizi wako ni nani?"

Wakasimama watatu, kila mmoja na nguo mpya na mshumaa mkononi. Lo!

Damasi akasema, "Padre, msimamizi hufundisha imani. Kila neno alilojibu hapa alilipata kwangu."

Otilia akasema, "Maneno hayavuki mto. Bila mgongo wangu asingelifika kanisani hata Jumapili moja."

Genoveva akasema taratibu, "Alijua maneno, alifika kanisani, na bado hakuweza kusali. Mimi ndiye niliyekuja."

Bibi Ndimbo akawatazama mmoja mmoja. Akaona fahari: watu watatu wanamgombea yeye, kizee! Akaona na aibu, maana aliwaahidi wote. Padre alikwishainua chombo cha maji.

"Bega la kulia ni moja, Bibi. Nani?"

Haya, nyie mnaojidai, maji yasije yakamwagika bure: mkono wa nani ulistahili bega lile?