Lozi Zisizotajwa

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mtu mcha Mungu aitwaye Dhakwani bin Rabii. Yeye na mkewe, Bibi Hunaida, walikuwa wakitengeneza asali ya habasoda: asali ya milimani, habasoda iliyosagwa na tangawizi kavu. Waliitia katika mitungi midogo ya udongo, wakaiziba kwa nta, kisha kwenye shingo ya kila mtungi wakafunga kipande cha ngozi kilichoandikwa: "Bismillahi. Ndani yake mna asali, habasoda na tangawizi. Hamna kingine."

Pale sokoni hakuna mwingine aliyekuwa na desturi hiyo, na wenzake walikuwa wakimtania. "Sheikh Dhakwani," walisema, "mnunuzi anataka kulamba, hataki kusoma." Naye alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba chakula kikishazibwa, mnunuzi hana jicho la kukionea ila ulimi wa muuzaji, basi ulimi huo na useme kweli.

Ikawa mwaka mmoja mvua zilizidi, na nyuki wakatoa asali nyepesi. Bibi Hunaida alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake, na msafara wa Mukbili, mfanyabiashara aliyeichukua mitungi yao kila mwaka kwenda kuiuza miji ya mbali, ulikuwa unajiandaa kuondoka. Dhakwani akachanganya peke yake, lakini habasoda ikawa inazama chini na asali inaelea juu. Akakoroga, akangoja, akakoroga tena. Mwishowe akachukua lozi nzuri, akazimenya, akazisaga mpaka zikawa laini kama unga, akazitia humo. Asali ikashikana, na utamu ukazidi. Akamhimidi Mola wake, akafunga vile vipande vya ngozi vilivyokwisha kuandikwa zamani, akauza michache pale sokoni, na iliyobaki Mukbili akaipakia.

Msafara ulikuwa umeshatoka mjini Bibi Hunaida aliporejea. Mumewe akamwonjesha kwa furaha.

"Tamu, mashallah," akasema Bibi Hunaida. Kisha akaulamba mdomo wake na kufikiri. "Umetia nini humu?"

"Lozi. Tena zile bora kabisa, sikufanya ubakhili."

"Na kwenye ngozi umeandika lozi?"

Dhakwani akacheka. "Mke wangu, ningekuwa nimetia maji ya sukari ungenilaumu. Mimi nimewaongezea watu kitu cha thamani. Nani atakayelalamika kwa kuongezewa?"

Bibi Hunaida hakucheka. Akasema, "Unamkumbuka shangazi yangu Sumaya? Samaki ni halali na ni chakula kitamu, lakini yeye akionja mchuzi wake tu, midomo humvimba na pumzi humbana mpaka huwa tunadhani atakufa. Mimi sijui kama yuko mtu wa namna hiyo kwa lozi. Wewe je, unajua kwamba hayuko?"

Dhakwani akauweka mtungi chini.

"Mtu wa namna hiyo," akaendelea Bibi Hunaida, "ndiye atakayeusoma mtungi wetu kuliko wote. Atasoma 'hamna kingine,' naye atatuamini, kwa kuwa sisi ndio tuliomzoesha kutuamini."

Inasemekana uso wa Dhakwani ulibadilika rangi. Hakujitetea tena. Siku ile ile, baada ya sala ya Alasiri, akasimama mlangoni mwa soko na kutangaza kwa sauti kwamba asali yake ya mwaka huo ina lozi ambazo hakuzitaja, na kwamba kila aliyenunua na airudishe au aijue. Wako waliomsikiliza kwa heshima, na wako waliocheka mpaka wakashika mbavu, wakisema hawajapata kuona mtu anayeomba radhi kwa kuuza lozi. Dhakwani akavumilia. Kisha akatia wino na kalamu katika mfuko wake, akapanda punda, akaufuata msafara.

Njia ilikuwa ndefu na tope lilikuwa jingi. Kila alipopita kituo, akiambiwa msafara umekwisha kusonga mbele, alimhimiza punda, naye akiomba njiani, "Ewe Mola wangu, usimfikishe kwenye mtungi wangu mtu atakayedhurika nao, mpaka nifike mimi kwanza."

Aliwakuta katika mji mdogo wenye soko, Mukbili ndiyo kwanza anafungua mizigo. Ni mtungi mmoja tu uliokuwa umetoka, aliopewa mlinzi wa msafara kuwa zawadi. Dhakwani akamkimbilia, akamkuta mzima wa afya, amekwisha kumaliza nusu na anajilamba vidole.

Mukbili aliposikia habari, akashangaa. "Umetoka mjini mpaka huku kwa ajili ya lozi?"

"Kwa ajili ya neno nililoandika, nalo si kweli. Niruhusu nilisahihishe."

"Sahihisha," akasema Mukbili, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alipenda soko lichangamke. "Lakini maadamu una kalamu mkononi, niongezee maneno mengine. Andika kwamba asali hii inatibu kila maradhi, inamrudishia mzee nguvu za ujana. Watu wanapenda hivyo, na huko niendako hakuna atakayekuuliza."

Dhakwani akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, kilichomo ndani ya mtungi nakijua, kwa hiyo naweza kukiandika. Shifaa iko kwa Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye kwa sababu aitakayo. Niandike vipi kitu nisichokimiliki? Mgonjwa atakuja kuacha tabibu wake kwa ajili ya maandishi yangu."

Akakaa chini, akafuta "hamna kingine" na kuandika "na lozi," mtungi baada ya mtungi, mpaka vidole vikawa vyeusi.

Wino ulikuwa haujakauka sawasawa walipokuja mtu na mkewe, watu wazima wa makamo. Mume akauchukua mtungi, akamsomea mkewe kwa sauti: "Asali, habasoda, tangawizi, na lozi."

Yule mama aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono akaurudisha kifuani. "Uweke chini, Baba Yunusi," akasema. "Lozi ndizo zilizotaka kuniua nilipokuwa mwari, nawe unajua."

"Kweli," akasema mumewe, akauweka mtungi taratibu. Wakavuka upande wa pili, wakanunua zabibu, wakaenda zao wakizungumza. Hata hawakumtazama yule mtu mwenye vidole vya wino.

Dhakwani akaanguka kusujudu pale pale juu ya magunia, na machozi yakamtoka. Mukbili akamtazama, kisha akawatazama wale wawili wanaokwenda zao. Halafu akajitokeza mbele ya bidhaa zake, akapaza sauti: "Asali ya habasoda! Ina lozi! Asiyepatana na lozi asiiguse!" Na akaendelea kunadi hivyo katika kila mji, na watu wakamwamini kuliko walivyopata kumwamini kabla.

Dhakwani aliporudi nyumbani akamhadithia mkewe yote yaliyotokea. Bibi Hunaida akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule mama, alinunua nini?"

"Zabibu."

"Alhamdulillahi," akasema, huku akitabasamu. "Zabibu ni chakula kizuri."

Ndugu zangu katika imani, sisi leo twala kwa mikono ya watu tusiowajua, na wengine wasiotujua wanakula kwa mikono yetu. Anayekula na asome kabla ya kula, kwani mwili ni amana. Na anayelisha na aseme yote yaliyomo, hata yale anayodhani ni wema mtupu, wala asiahidi asichokimiliki. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo safi, na ndimi zisizoficha kilichomo.