Ufunguo wa Tatu wa Kisima cha Mafuta

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Kurzani, ng'ambo ya jangwa, Mwenyezi Mungu alitoa mafuta meusi chini ya ardhi. Kifuniko cha kisima kilikuwa na kufuli tatu: ufunguo mmoja kwa amiri, wa pili kwa kadhi, wa tatu kwa mtu aliyechaguliwa na wakulima. Hakikufunguliwa mpaka watatu hao wakutane barazani, na watu wasikie mafuta yatajenga nini.

Amiri Shurahbili alipotawala, akawafutia wakulima ushuru na kuwagawia bure mafuta ya taa yaliyokuwa ghalani mwake. Watu wakashangilia! Baraza wakaliacha, watauliza kwa uso gani, nao hawajatoa hata kibaba cha ngano? Mifereji ya mashamba, isiyoulizwa tena na mtu, ikajaa mchanga, na njaa ikaingia. Amiri akataka kukifungua kisima peke yake, na kadhi akamwuzia ufunguo wake kwa joho la hariri. Ukabaki wa tatu, wa Bibi Zumurudi, mjane mkulima wa vitunguu. Amiri akamfunga Uwesi, mwana wa pekee wa bibi huyo, mpaka mama autoe.

Bibi akaenda gerezani kumwona.

"Mama, mpe!" Uwesi akalia dirishani. "Chuma hicho ndicho ulichokizaa?"

"Ufunguo ungekuwa wangu, baba, ningeutoa jana. Ni amana ya watu."

"Watu gani? Hao wanaokucheka sokoni?"

"Ndio hao hao," akasema.

Akasubiri Ijumaa. Baada ya sala akasimama nje ya msikiti, akauinua ufunguo.

"Mlinipa ninyi. Nimpe amiri? Semeni."

"Mpe, bibi, usije ukatuzimia taa!" akadakia Thabiti, jirani yake. Watu wakaangua kicheko.

"Taa yako inawaka, Bwana Thabiti. Inamulika chungu chenye nini?"

Thabiti akainamisha kichwa.

"Wallahi, mabua," akasema. Kisha, polepole: "Kesho nitapeleka ushuru wangu barazani, hata kama ni mabua. Nami nitauliza."

Kesho yake ua wa baraza ulifurika. Amiri alimweza mjane mmoja. Mji mzima wenye maswali hakuuweza. Siku ya tatu Uwesi akatolewa, kisima kikafunguliwa mbele ya wote, na mifereji ikazibuliwa. Lakini husemwa Uwesi hakuzungumza na mama yake mpaka msimu wa vitunguu, na Bibi Zumurudi akasubiri hilo pia.

Ndugu zangu, tunaambiwa neema imo kisimani. Hivi Kurzani ilipolala njaa, mafuta yalikuwa yamekwenda wapi? Mola asitujaalie shibe ya kutuziba midomo.