Pumzi ya Kiboko Ilipohamia Kilimani

Zamani zile, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuamkiana asubuhi, Kindi alikaa jirani na Mzee Kiboko, kando ya mto. Kindi alikuwa mdogo, mwepesi, na hakuwa na shamba. Mzee Kiboko alikuwa nalo, na mwaka ule karanga zilistawi mpaka majani yakafunika ardhi yote.

Shida ni kwamba Mzee Kiboko hakuondoka barazani. Tangu kunapopambazuka alikaa pale akilitazama shamba lake, sinia la mihogo ya kukaanga mapajani, birika la chai yenye sukari tele ubavuni. Sinia likiisha, mkewe, Mama Chausiku, analeta jingine. Kindi akichungulia uani, macho mawili makubwa yanamtazama. Akizunguka nyuma ya ua, masikio yanasimama.

Siku moja fimbo ya Mzee Kiboko ilianguka. Akainama kuiokota. Heh, heh, heh, akahema, akarudi kukaa bila fimbo.

Kindi akaona njia.

"Shikamoo, Mzee," akasema, akimwokotea fimbo.

"Marahaba... heh... mwanangu."

"Za afya?"

"Afya gani? Nikiinama tu... naona nyota."

Kindi akarukia tumboni kwa Mzee, akaweka sikio kifuani, akatulia kama mganga aliyelipwa vizuri. Kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, pumzi yako haimo humu."

"Haimo?"

"Imehama. Chumba kikijazwa vitu mpaka mlangoni, mpangaji atalala wapi? Jana nimeiona kule juu ya kilima cha mikwaju, imekaa inapunga upepo."

Mama Chausiku, aliyekuwa anakuja na sinia la tatu, alisimama palepale. "Sasa itarudi kweli?"

"Itarudi, mama, ikifuatwa. Lakini ina haya sana. Haimkaribii aliyeshiba. Mzee atoke alfajiri kwa miguu yake, anywe maji tu, apande hadi juu, aivute puani mara ishirini. Kila siku atarudi nayo kidogo. Na usiku asile kama msafiri wa jangwani."

Mzee Kiboko alilitazama sinia. Akakitazama kilima. Akalitazama tena sinia, kwa muda mrefu zaidi.

"Lirudishe jikoni, mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msiba.

Kesho yake alfajiri akatoka, di, di, di. Mama Chausiku akachukua nguo akaenda mtoni kufua. Kindi akaingia shambani mbio. Hajang'oa hata shina la pili, akasikia di, di, di inarudi.

"Mbona mapema hivi, Mzee?" akauliza, mikono nyuma.

"Nimefika kwenye kichuguu. Miguu imekataa."

Kindi alikereka mpaka meno yakamwasha. Mzee akiishia kwenye kichuguu kila siku, yeye atakula karanga ngapi? Lakini akameza hasira, akalegeza sauti.

"Kichuguu si haba, Mzee. Wiki iliyopita ulikuwa huvuki ngazi ya baraza. Kesho fika kwenye lile jiwe jeupe, basi. Usikiangalie kilima, kitakutisha. Angalia jiwe."

Mzee akafika kwenye jiwe. Wiki iliyofuata akafika kwenye daraja la gogo, halafu chini ya kilima. Kila jioni Kindi alikuja kumsifu, na hakuna jirani aliyewahi kumtakia mwenzake heri kwa bidii kama ile. Mvua ikanyesha asubuhi moja, Mzee akajifunika shuka. Kindi, mwenye njaa, akagonga dirisha, ngo, ngo, ngo.

"Leo nimechoka, mwanangu. Nitakwenda kesho."

"Mzee, robo ya njia leo inashinda njia nzima ya kesho. Amka. Mimi nitakushikia jani la mgomba mpaka darajani."

Na kweli akamshikia, akalowa chepechepe, kisha akarudi mbio kula karanga mbichi.

Mzee alipoanza kufika kileleni, safari ilimchukua asubuhi nzima. Hapo ndipo Kindi alipostarehe. Akala, akalala katikati ya matuta, akaamka, akala. Nyumba yake ilikuwa juu ya mti, lakini kupanda akaona ni kazi, akahamia kwenye nyasi chini ya ua. Mama Chausiku aliona mashimo shambani akasema ni fuko.

"Fuko hawana haya, mama," Kindi akasema, akipangusa mdomo.

"Na wewe umenenepa, mwanangu."

"Ni upepo wa mto, mama."

Jambo moja halikumpitia akilini: miguu iliyozoea kupanda huzoea na kukimbia. Mzee alikuwa anarudi mapema zaidi kila wiki, na Kindi, kwa usingizi wa shibe, hakugundua.

Asubuhi moja alikuwa katikati ya shamba, mashavu yamejaa, kivuli kikampitia kichwani. Mwewe. Kindi akakimbilia mti wake, akaruka, akateleza, puu. Akaruka tena, makucha yakakwangua gome, puu. Akakimbilia tundu la ua alilolipita maisha yake yote. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likakataa.

Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje. Akajaribu kupiga kelele, lakini karanga zilikuwa zimemziba mdomo. Moyo ukamwenda tu, tu, tu. Akahisi upepo wa mbawa mgongoni, akafumba macho.

Didididi. Ardhi ikatetemeka. Mzee Kiboko alikuwa anateremka kilima mbio. Akavuka daraja kwa hatua mbili, akaufungua mdomo wake wote, akanguruma. Mwewe akageuka angani na hakutua tena mpaka ng'ambo ya mto.

Mzee akamvuta Kindi kwa mkia, taratibu, mpaka akachomoka. Karanga zikamwagika mdomoni kama mvua ya mawe. Mama Chausiku, aliyekimbia kutoka mtoni, akaziona.

"Kumbe fuko ndiye huyu," akasema, akikunja mikono ya gauni.

Mzee Kiboko akachuchumaa. Hakuhema hata kidogo.

"Niambie kweli. Pumzi yangu ilihama?"

"Haikuhama, Mzee," Kindi akajibu, machozi yakimtoka. "Nilitaka uondoke barazani nile. Nisamehe."

Mzee akaokota karanga moja, akaigeuza mkononi.

"Juzi nimembeba mjukuu wetu, mtoto wa Chausiku, mgongoni mpaka mtoni na kurudi," akasema. "Zamani hata fimbo ilinishinda kuiokota. Mama Chausiku, usimponde. Lakini karanga zilizobaki atazichimba yeye, zote, na kuzibeba mpaka ghalani."

Kindi akachimba na kubeba mwezi mzima, mpaka tumbo likapungua na mti ukampokea tena. Naye Mzee Kiboko, akijua fika kwamba kule kilimani hakuna kitu isipokuwa mikwaju na upepo, alitoka alfajiri iliyofuata, na iliyofuata, na mkewe akaanza kufuatana naye.

Wajukuu zangu, mwili hujengwa na hatua ndogo za kila siku, na hubomolewa na shibe ya wizi.