Chupa Iliyotoa Nundu

"Mama Viputo, meza imetulia, mbona chupa yako inayumba?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, fundi wa pancha, asubuhi moja alipoingia kuomba maji ya kunawa grisi. Mama Viputo alikuwa mshonaji, lakini jina hilo alilipata kwa kinywaji chake cha tangawizi na limau. Alikitia gesi mwenyewe, hapo hapo jikoni: alikijaza kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda, akaibana mpaka hewa yote itoke, akafunga kifuniko chenye mpira uliotoka kwenye mtungi wa gesi ya soda, kisha akafungua gesi huku akiitikisa chupa. Ukikinywa, kilikuchoma ulimi kwa raha.

Siku hiyo alitarajia mgeni. Saa sita msimamizi wa mkahawa wa chuo angekuja kuonja. Akikipenda, Mama Viputo angepeleka chupa arobaini kila siku, na cherehani iliyomtesa mgongo miaka kumi na tisa angeiaga.

Kosa lake lilizaliwa na usafi. Kila jioni aliosha chupa zake kwa maji yanayotokota, kama anayeosha chupa za mtoto mchanga. Plastiki ikalegea. Kitako cha ile chupa kubwa kikatokeza nje kama kitovu, na shingoni kukaota mistari myeupe.

Fundi aliigeuza chupa, akaipapasa. "Tairi likitoa nundu hivi, silijazi upepo hata mwenyewe alie. Itupe, mama."

"Aa, jirani! Matairi yako hukanyaga misumari. Kinywaji changu hukanyaga koo tu!"

Wifi yake, aliyekuwa akipanga bilauri, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Lakini wifi, si kuna ile mpya kabatini?"

"Ile ndogo. Leo nataka kubwa, mgeni aone kazi!"

Fundi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Saa sita mgeni aliwasili. Akaonja, akatabasamu. "Tamu kweli. Ila viputo vingekuwa vikali zaidi kidogo."

Mama Viputo akajiona kama aliyeota mbawa. Akaifunga tena ile chupa kubwa kwenye mpira, akazungusha koki ya mtungi. Mshale wa geji ya kupimia gesi ukapanda, ukaipita alama nyekundu ya kikomo aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Chupa ikawa ngumu kama jiwe.

"Wifi, basi!" wifi yake akamwonya.

"Kidogo tu, wifi yangu, kidogo..."

Paa!

Tangawizi iliruka hadi darini. Kifuniko kilipasua kioo cha dirisha, na kipande cha plastiki kikamchana wifi juu ya jicho. Damu ikamtiririka shavuni.

"Naona! Bado naona!" alipiga kelele, akifumba na kufumbua. Mungu alimsitiri kwa upana wa unyusi.

Mama Viputo alimkandamiza jeraha kwa kipande cha gauni alilokuwa akilishona. "Nisamehe, wifi, nisamehe! Na wewe mgeni wangu, subiri, ninayo nyingine, ndogo, nzima kabisa..."

Mgeni alijipangusa uso, akaitazama ile damu, akaufuata mlango, akatoka.

Aliyeonyeshwa wingu akaliita moshi asiilaumu mvua ikimlowesha: dalili ya mvua ni mawingu.