Daraja Lipo, Mto Haupo

Mto ukihama, daraja halivushi mtu. Methali hii mmeisikia leo pale dirisha la mikopo, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Ilizaliwa papo hapo mnapopanga foleni na kukanyagana vidole, na chanzo chake ni hiki.

Chuo kilikuwa na ofisa mikopo aitwaye Habili Sengasu. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wanafunzi wanaoomba mkopo wa serikali na kuhakiki maombi yao kabla hayajapelekwa makao makuu. Kanuni alizijua kwa moyo. Hujamaliza kuuliza, ameshajibu. Wanafunzi walimwita Mzee Kanuni, na jina likamkaa kama kofia ya kupimiwa.

Lakini serikali nayo haikukaa kitako. Mwaka huu iliongeza hiki, mwaka ule ikafuta kile, pengine katikati ya msimu wa maombi. Kwa hiyo ofisini kulikuwa na desturi: kila Jumatatu, kabla dirisha halijafunguliwa, watu walikaa na kusomeana yaliyobadilika. Saa hiyo Sengasu alikuwa kantini.

"Someni nyie," alimwambia msaidizi wake, Bi Zawena. "Mimi nilizisoma wenzangu mkiwa bado mnanyonya."

Ndipo akaja Semeni Lugome, binti aliyefiwa na baba, mkazi wa ng'ambo ya mto. Bila mkopo, chuo angekisikia tu kwa majirani. Sengasu akamwelekeza bila kutazama popote: cheti cha kifo kigongwe muhuri na mtendaji wa kata, basi. Semeni akafanya hivyo hivyo. Maombi yakakataliwa. Siku hizi cheti kilitakiwa kuthibitishwa na ofisi ya usajili wilayani, na asubuhi taarifa ilipomfikia, mwisho wa kurekebisha ulikuwa kesho yake jioni.

Asubuhi hiyo akatokea dirishani, kanga imelowa chepechepe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umelowa kama bata? Daraja si lipo?"

"Daraja lipo, baba. Mto ndio haupo."

"Unanitania, binti?"

"Hata kidogo! Masika haya mto umekata njia nyingine. Daraja limebaki mchangani, mbuzi wanalala chini yake. Sisi tunavuka kwa miguu huko ulikohamia."

Sengasu aliishi nyumba za chuo. Hayo hakuwa na habari nayo. Akasoma sababu ya kukataliwa, akatikisa kichwa.

"Wamekosea hao. Muhuri wa mtendaji unatosha. Tangu nianze kazi unatosha."

Semeni alikuwa ameshalia njiani, machozi yamekwisha. Kilichobaki ni ulimi.

"Baba, na wewe ni daraja lile lile. Imara, tena limepakwa rangi. Ila mto umehama, na anayelowa ni mimi."

Bi Zawena akainama ghafla kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Sengasu aliinuka. Akauomba mwongozo mpya, akausoma amesimama. Alipomaliza, alichukua koti.

"Twende wilayani."

Huko akapanga foleni kama mtu yeyote. Alipofika mbele, kijana wa dirishani akamwambia, "Mzee, utaratibu siku hizi unaanzia dirisha lile pale." Vijana wa nyuma wakacheka. Sengasu akaenda dirisha lile pale, mkiani mwa foleni nyingine. Kesho yake mchana uthibitisho ukatoka, na maombi yakaingia muda ukiyoyoma. Semeni akapata mkopo, akasoma.

Jumatatu iliyofuata, watu walipofika kusomeana walimkuta Sengasu ameshakaa. Bi Zawena, ambaye ulimi wake haukujua likizo, akauliza, "Mzee, leo umepotea njia?"

"Njia naijua sana," akajibu, akimsogezea kiti. "Lakini mto ukihama, daraja halivushi mtu. Haya, soma."